Mabirika Mawili na Soketi Moja

Asubuhi nyumbani kwa mshonaji ilianza na maneno kabla haijaanza na chai.

"Hayo maji bado?" mumewe aliuliza kutoka chumbani.

"Bado," mama mkwe alijibu kutoka jikoni.

"Mama, nitachelewa."

"Kwani mimi ndiye moto? Yakichemka nitakwambia."

Mshonaji alikuwa katikati yao, kwenye korido, mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kila kilichoning'inia, kwake kilikuwa cha kuvutwa. Asubuhi hiyo alikuwa anavuta hereni ya mama yake.

Mume wa mshonaji alikuwa dereva wa basi la wanafunzi. Watoto wa watu walimngoja barabarani, na wazazi wao hawakutaka kusikia habari za maji. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao tangu mjukuu azaliwe, amlee huku mshonaji akishona. Alikuja na nguo zake, mto wake wa kulalia, na birika lake la aluminiamu. Birika lilikuwa kubwa na zito, lenye tumbo la mtu aliyeshiba. Juu ya jiko la gesi lilichukua muda wake. Halikuwa na haraka na mtu.

"Leo nanunua birika la umeme," dereva alisema akivaa viatu. Alitoka bila chai.

"Nunua," mama yake alimjibu. "Utakunywa mwenyewe."

Jioni alirudi nalo kwapani. Lilikuwa la plastiki nyeupe, lenye taa ndogo ya bluu. Alitia maji, akabonyeza, na kabla hajamaliza kulisifu, maji yakachemka.

"Umeona, mama? Unabonyeza hapa, basi."

"Nimeona," mama alisema. Lakini alikuwa anamfunga mtoto nepi, na hakuwa ameangalia.

Mshonaji alishusha pumzi. Alidhani vita vimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza vilikuwa vimepata silaha.

Jikoni kulikuwa na soketi moja tu, na jokofu lilishaikalia. Kwa hiyo birika la umeme lilipelekwa chumba cha kushonea. Huko kulikuwa na ekstensheni, waya mrefu mweupe wenye matundu manne. Cherehani ilichomekwa hapo. Pasi ilichomekwa hapo. Sasa na birika likachomekwa hapo hapo.

Mshonaji alikuwa na kazi ya watu. Alikuwa anashona sare za shule ya chekechea, magauni ya rangi ya samawati yenye mifuko miwili. Shule zilikaribia kufunguliwa. Lakini sasa kila aliyetaka maji ya moto aliingia chumbani kwake. Mumewe aliingia kutafuta maji ya kunyolea ndevu. Mama mkwe aliingia kuangalia kama birika lile bado halijalipuka. Mvuke ulipanda na kulowesha vitambaa.

"Chai hii inanuka ndoo mpya," mama mkwe alisema kila alipoionja.

"Ni mazoea tu, mama," mwanawe alimjibu.

"Hata shubiri ni mazoea."

Basi mama mkwe akaendelea na birika lake la gesi, na mwanawe akaendelea na la umeme. Kila mmoja alipika chai yake. Kila mmoja alimletea mshonaji kikombe, kisha akasimama pale pale kusubiri aambiwe ipi ni tamu. Mshonaji alikunywa vyote viwili. Alikwenda msalani mara nyingi kuliko alivyoshona.

Birika la gesi nalo lilikuwa na lake. Mdomoni lilikuwa na filimbi. Maji yakichemka, lilipiga kelele hadi jirani wa tatu akasikia. Mtoto akiwa amelala, aliamka akilia. Siku moja dereva alichoka. Alichukua koleo, akaing'oa filimbi, akaitupa kwenye boksi la misumari.

"Sasa tutapumua," alisema.

Mshonaji alimshukuru. Siku hiyo mtoto alilala mchana kutwa. Mama mkwe alilishika birika lake, akaligeuza huku na huku, akaliangalia mdomo uliobaki wazi. Akalirudisha jikoni. Nyumba ikafurahia ule ukimya.

Haikupita wiki. Mshonaji alikuwa anaweka zipu aliposikia harufu ya kuungua. Kwanza aliangalia pasi. Haikuwa pasi. Alikimbilia jikoni. Birika la aluminiamu lilikuwa juu ya moto, halina hata tone la maji. Kitako kilikuwa kimekuwa cheusi, na mpini wake wa plastiki ulikuwa umelegea kama mshumaa. Alizima jiko.

Mama mkwe alitokea mlangoni na mtoto begani.

"Nilikuwa nasubiri yachemke," alisema taratibu.

Dereva aliporudi aliliona birika kwenye sinki. Aliuliza, akaambiwa. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake kama daktari.

"Mama, usikasirike. Umri unakwenda. Umeanza kusahau."

Mama mkwe alimtazama mwanawe.

"Nimeanza kusahau," alirudia.

"Kuanzia kesho, gesi basi. Hili nalipandisha juu ya kabati. Tumia la umeme. Lile linajizima lenyewe."

Mshonaji alitaka kusema neno. Lakini alikuwa amechoka, na moyoni alikuwa anawaza, labda kweli. Akarudi kwenye cherehani.

Tangu siku hiyo mama mkwe aliacha kubishana. Alimwogesha mtoto, akakunja nguo, akakaa dirishani. Chai hakuigusa. Mwanzoni mshonaji alifurahi. Baadaye alianza kuukosa ugomvi. Afadhali mtu anayekulalamikia kuliko anayekupita kwenye korido kama mgeni wa hoteli.

Kulikuwa na jambo jingine, ila mshonaji hakutaka kulisikiliza. Ekstensheni ilikuwa inanuka. Birika na pasi vikiwaka pamoja, plagi ilipata joto hadi akaivuta kwa kitambaa. Alijiambia atamwita fundi akimaliza sare. Aliuondoa mzigo wa vitambaa karibu na ule waya, akaona ametatua.

Siku ya kupeleka sare ilipokaribia, vifungo vilimwishia. Alimwachia mama mkwe mtoto, akaenda dukani. Duka halikuwa mbali, lakini foleni ilikuwa ndefu, na muuza duka alikuwa mtu wa kupiga soga. Wakati anahesabiwa vifungo, taa za duka zilizimika.

"Wameshakata tena," muuza duka alisema.

"Nipe tu vifungo vyangu," mshonaji alimjibu. Umeme ukikatika, cherehani nayo imekatika. Alitembea kurudi nyumbani akilaumu kila mtu aliyemkumbuka.

Alipokata kona ya mtaa wao, aliona moshi mweusi ukitoka dirisha la jikoni kwake.

Vifungo vilimwagika njiani. Hakugeuka kuviokota.

Mlango ulikuwa wazi. Uani, mtoto alikuwa amekaa chini ya kamba ya nguo, mzima, anakula kibanio. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye bomba, mkono wake wa kulia chini ya maji. Pembeni yake alisimama jirani yao, mwanamke mrefu mwenye kanga kifuani na masizi usoni. Alikuwa anafanya kazi zimamoto. Mtaa mzima ulimwita Afande. Siku hiyo alikuwa na mapumziko, na alikuwa anafua.

"Hakuna aliyekufa," Afande alisema kabla hajaulizwa. "Usiingie ndani kwanza, moshi wa plastiki ni sumu. Uache utoke."

"Moto ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Birika la umeme lilibandikwa juu ya jiko la gesi. Nimefunga gesi kwenye mtungi, nikalifunika kwa taulo mbichi iliyokamuliwa. Limezimika."

Mshonaji alimgeukia mama mkwe. Bibi wa watu hakulia.

"Nileteeni dawa ya meno," alisema. "Nipake hapa."

"Dawa ya meno ni ya meno," Afande alimwambia. "Mafuta hapana, yai hapana, unga hapana. Ni maji ya bomba tu, mama. Dakika ishirini. Nivulie na hiyo pete kabla kidole hakijavimba."

"Maji yanauma."

"Najua, mama yangu. Vumilia. Yanautoa moto uliobaki ndani ya nyama."

Dakika zile zilikuwa ndefu. Zilipokwisha, Afande alifunika jeraha kwa kitambaa safi, bila kulikaza, na wakampeleka mama mkwe zahanati. Muuguzi aliangalia vidole viwili vilivyoungua, akasema ngozi itapona bila tabu.

"Nani alimwekea maji mapema?" muuguzi aliuliza.

"Jirani," mshonaji alisema.

"Kamshukuruni. Wengi hapa wanaletwa wamepakwa kila kitu isipokuwa maji."

Dereva aliwakuta nyumbani jioni, madirisha yote wazi, harufu bado imeng'ang'ania mapazia. Aliangalia lile donge jeupe na jeusi juu ya jiko. Aliangalia bandeji ya mama yake. Hofu ilimpanda, na kama ilivyo kwa watu wengi, ikatoka kinywani ikiwa hasira.

"Nilisema. Nilisema mama ameanza kusahau, mkaniona mbaya."

Afande alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamlisha mtoto uji. Hakuinua sauti.

"Shemeji, ulimwonyesha namna ya kulitumia?"

"Nilimwonyesha. Unabonyeza, basi."

"Ulimwambia hilo birika halikai motoni?"

"Hilo nalo la kuambiwa? Kila mtu anajua."

"Wewe ulijulia wapi?"

Dereva alifungua mdomo. Hakukumbuka alijulia wapi.

"Mimi nimezima birika kama hili mara nyingi tu kazini," Afande alisema. "Vijana wanayabandika, wazee wanayabandika. Ni birika, lina mpini, lina mdomo, linatiwa maji. Mtu ambaye maisha yake yote birika hukaa juu ya jiko, atafanya nini umeme ukikatika?"

Hapo mama mkwe akasema. Alisema bila kumtazama mtu.

"Niliambiwa nisiguse birika langu. Niliambiwa nitumie hili. Umeme ukakatika. Mtoto alijichafua, alitaka maji ya uvuguvugu. Nikatumia hili. Nimefanya nilivyoambiwa."

Afande aliweka bakuli la uji chini.

"Na lile jingine, mama?" Afande aliuliza. "Lile lililoungua siku zile."

"Mtoto alilia chumbani. Nikaenda kumbeba. Nikawa nasubiri lipige filimbi. Miaka yote linapiga filimbi. Likipiga, naenda kuzima." Aliishika bandeji yake. "Siku hiyo nikakumbuka baadaye kwamba halina tena."

Dereva alitazama viatu vyake. Mshonaji alitazama sakafu. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alimshukuru mumewe kwa koleo lile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Basi hapa hakuna aliyesahau," Afande alisema. "Birika la gesi halijui kujizima. Lenyewe lina filimbi tu ya kuita mtu. Mkaing'oa. Maji yakiisha, chuma kinaungua, mpini unashika moto, na pembeni kuna pazia."

Alimfuta mtoto mdomo, akasimama.

"Sasa nionyesheni birika la umeme lilikokuwa linachomekwa."

Mshonaji alijua kitakachofuata. Alitangulia kama mwanafunzi asiyefanya hesabu za nyumbani. Afande alipiga magoti karibu na meza ya cherehani, akauinua ule waya mweupe. Haukuwa mweupe tena. Karibu na plagi ulikuwa wa rangi ya mkate uliookwa sana. Tundu moja la ekstensheni lilikuwa limepinda.

"Ulikuwa unanuka?"

"Ulikuwa unanuka," mshonaji alikiri. "Nilisema nikimaliza sare."

"Birika la umeme linakula umeme mwingi kwa mkupuo. Ndiyo maana lina haraka. Pasi nayo vivyo hivyo. Waya huu ni mwembamba. Ukiuchomekea vyote viwili, ni kama kumbebesha mtoto magunia. Haanguki siku ya kwanza." Afande aliangalia mlima wa magauni ya samawati. "Na hapa kuna vitambaa. Hapa ndipo ningekuja na gari na king'ora."

Halafu alionyesha waya wa kitako cha birika, kilichobaki mezani, ukining'inia hadi chini.

"Na huu ni kimo cha nani?"

Mtoto alishaanza kuuvuta.

Mshonaji aliunyakua waya, akaukunja, akakaa juu ya kiti cha cherehani. Uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

"Afande, nimechoka," alisema. "La gesi linaunguza. La umeme linaunguza. Huyu anataka hili, yule anataka lile. Mimi nataka mtu mmoja aseme tutumie lipi, nirudi kazini kwangu."

"Mimi siuzi mabirika," Afande alisema. "Nikuulize. Mchana nani yuko nyumbani?"

"Mama na mtoto. Mimi niko huku, cherehani inapiga kelele, sisikii kitu."

"Kwa hiyo anayechemsha maji ndiye huyo huyo anayeitwa na mtoto kila mara."

"Ndiye."

"Maji mengi au kidogo?"

Mama mkwe alijibu mwenyewe. "Kidogo kidogo. Chai, ya mtoto kuogea, ya kukanda goti langu."

"Umeme unakatika mara nyingi?"

"Mara kwa mara," dereva alisema. "Saa nyingine kutwa nzima."

"Basi jibu mmeshalisema wenyewe. Mtu anayekatizwa kazi na mtoto anahitaji birika linalojizima lenyewe maji yakichemka, na linalojizima pia likikauka. Hilo ni la umeme, lakini si kila la umeme. Na siku umeme haupo, mnahitaji la gesi, lenye filimbi yake, na mtu akae nalo jikoni hadi mwisho. Ingekuwa mnapika chai ya watu wengi, au umeme wenu ni wa kubahatisha kila siku, ningewaambia la gesi liwe la kwanza. Ingekuwa hamna soketi nzuri na hamna nia ya kuweka, ningewaambia la umeme msinunue kabisa."

"Soketi nitaweka," dereva alisema haraka.

"Wewe?" mkewe alimuuliza.

Dereva alifikiri kidogo. "Nitamwita fundi."

Fundi umeme alikuja kesho yake, mwenye cheti chake na mkoba wake. Alikata umeme wote kwanza, ndipo akashika waya. Alivuta laini mpya nene hadi jikoni, akaweka soketi juu ya kaunta, mbali na sinki na mbali na jiko.

"Hii ni ya birika," alimwambia dereva. "Si ya birika na redio na simu za wageni."

Ile ekstensheni iliyoiva aliikata vipande viwili mbele yao, asije mtu akaihurumia na kuirudisha. Pasi na cherehani kila kimoja kilipata soketi yake ukutani.

Siku iliyofuata mshonaji alikwenda na mama mkwe kununua birika. Alikuwa amepanga wafanye haraka. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa haraka, na safari hii alikuwa na haki.

Muuza duka alitoa birika la kioo lenye taa za rangi.

"Hili ndilo wanalopenda wote, bibi."

"Taa nitazifanyia nini? Mimi nataka maji," mama mkwe alisema. "Tia maji hili la chuma."

"Nitie maji?"

"Lijaze. Nione kama mkono wangu utaliinua. Tupu hata mjukuu wangu analiinua."

Muuza duka alimwangalia mshonaji, kama anayeomba msaada. Mshonaji aliangalia dari. Maji yakaletwa. Birika la kwanza lilikuwa zito. La pili mfuniko wake ulicheza. La tatu mistari ya kuonyesha maji ilikuwa midogo, mama mkwe akasema huo ni utani. Foleni ilianza kuguna nyuma yao. La nne lilikuwa la wastani, la chuma ndani, mfuniko unabana, mdomo mpana wa kuingia mkono wakati wa kuosha. Mistari yake ilionekana hata bila miwani.

"Lichomeke," mama mkwe alisema. "Nataka kuona likijizima."

Wakasubiri. Maji yakachemka, kitufe kikaruka juu chenyewe, tak. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mshonaji aligeuza boksi, akatafuta alama ya ukaguzi wa ubora na karatasi ya dhamana. Zilikuwepo. Wakaondoka, na muuza duka akafuta jasho.

Jioni Afande alipita kuwaona. Alikataa kuonyesha kitu.

"Mama ndiye atafanya. Mimi nitakaa. Na wewe shemeji, kaa. Mikono mapajani."

Mama mkwe alilinyanyua birika kutoka kwenye kitako chake, akalipeleka bombani.

"Kwa nini umeacha kitako pale?" Afande aliuliza.

"Umeme uko kwenye kitako. Maji hayaendi huko. Na kitako hiki hakikai motoni, wala birika lenyewe halikai motoni. Hata gesi ikinibembeleza."

"Maji kiasi gani?"

"Yasipungue mstari wa chini, litaungua. Yasipite wa juu, yakichemka yataruka nje, yaniunguze mkono uliobaki." Alilirudisha, akabonyeza, akausukuma waya nyuma ya kaunta ambako mtoto hakufika. "Na nikitaka kikombe kimoja, natia cha kikombe kimoja. Kuchemsha maji ya kumwaga ni kumwaga umeme."

Dereva aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Na ile harufu ya ndoo mpya?"

"Birika jipya unachemsha maji, unamwaga, unarudia, ndipo unapika chai," Afande alisema. "Nyie mlianza kunywa siku ile ile. Mama alikuwa anasema kweli. Na baada ya muda mtaona ukoko mweupe ndani. Tieni maji na limau au siki kidogo, chemsheni, acheni vilale humo, kisha msuuze vizuri. Ukoko ukizidi, birika linachelewa na umeme unaliwa bure."

"Alikuwa anasema kweli," mama mkwe alirudia polepole, akimwangalia mwanawe. Mwanawe alianza kumfunga mtoto kamba za viatu, ingawa mtoto hakuwa na safari.

Mshonaji aliwahi kumaliza sare, kwa kushona usiku na mchana na kununua vifungo upya. Nyumba haikuwa kimya. Mama mkwe alirudi kwenye maneno yake. Alimsema mwanawe kwa kupitisha mstari wa juu, alimsema kwa kuchaji simu kwenye soketi ya birika, alimsema kwa kuacha mfuniko wazi. Mshonaji aliyasikia yote kutoka chumba cha kushonea, akakanyaga cherehani. Yalimchosha. Lakini plagi zake zilikuwa baridi, vitambaa vyake vilikuwa vikavu, na hakunusa tena kitu akajifanya hajanusa.

Kisha ikaja asubuhi moja, shule zimefungwa, dereva yuko nyumbani. Umeme ulikatika katikati ya mshono. Cherehani ilinyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza, na mshonaji akasikia kila kitu cha jikoni.

Alimsikia mama mkwe akifungua kabati. Lile birika kubwa lilikuwa limesuguliwa, likawekewa mpini mpya, na filimbi mdomoni. Alisikia gesi ikiwashwa. Alisikia viti viwili vikivutwa.

"Mama, pumzika. Nitalikalia mimi," dereva alisema.

"Nitakaa. Ndiyo masharti yake."

Birika lile halikuwa na haraka na mtu.

"Mama," dereva alisema baadaye.

"Naam."

"Lile neno nililosema. Nisamehe."

"Neno gani?"

"Kwamba umeanza kusahau."

"Aa, hilo," mama alisema. "Hilo sijalisahau."

Mshonaji aliziba mdomo kwa gauni alilokuwa analishona. Kisha, kwa muda mrefu, alimsikia mama mkwe akicheka peke yake, halafu wakicheka wawili. Hawakuwa wamemaliza wakati filimbi ilipolia, mtoto akaamka, na mshonaji akaweka sindano chini akaenda kumchukua.